Panya wa Nyasi Kabiro

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo huku mtaani Kabiro, mama mmoja alipoingia na mkebe akaomba sumu ya panya.

"Nimeshika mmoja, lakini ananichanganya," akasema, akafunua kidogo.

Muuzaji alichungulia. Panya mdogo mwenye mistari mgongoni alikuwa anatetemeka.

"Huyu si wa nyumba, mathe. Ni wa nyasi. Sijaona kama huyu tangu nikiwa mtoto. Usimuue, mrudishe kwao."

"Kwao ni wapi?"

"Kwa nyasi."

Mama akanigeukia. "Nyasi iko wapi hapa?"

Nimeishi Kabiro miaka kumi na moja, na ilibidi nifikirie. Nikataja ile kona ya mtoni.

"Hapo wameanza kuchimba msingi wa ploti ya nyumba za kupangisha," akasema. "Nadhani ndiko alikotoka."

Mama aliondoka dukani bila sumu, nami nikamfuata. Tulizunguka karibu saa nzima, mwishowe tukamwachilia nyuma ya kanisa, penye nyasi za upana wa mkeka. Aliingia, nyasi zikatikisika, zikatulia.

"Sasa tumemsaidia ama tumemtupa?" mama akauliza.

Mimi huwashauri wasomaji kila wiki katika safu hii. Swali lake nawaachia nyinyi.