Maombi ya Moshi

Kwetu Pasiansi, moshi tuliusalimia kabla ya majirani. Kila asubuhi baba alipanda jiwe la nyuma ya nyumba, mswaki mdomoni, akatazama bomba la kiwanda cha samaki alikofanya kazi ya kukata minofu ya sangara. Bomba likifuka, alishuka akipiga mluzi. Lisipofuka, hata chai ilimshinda. Ilikuwa miaka ya tisini, uchumi umefunguliwa milango, nasi tumeambiwa tukae mkao wa kula. Neema ikaja nyeusi, inanuka samaki.

Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mapanki, yaani vichwa na mifupa, tuliachiwa sisi. Mabaki yaliyoshindikana kabisa yalichemshwa kwenye tanuri la kiwanda yawe chakula cha kuku, na moshi wa tanuri hilo tuliletewa hadi chumbani, bure, bila foleni.

Mama ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo katika kwaya ya kanisa letu. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia, na hakuitaka. Watu walitoka Kirumba kuja kumsikia; mahubiri waliyavumilia tu. Yeye pia ndiye aliyefua majoho meupe ya kwaya na kuyaanika juu ya mawe. Masizi yakaanza kutua juu ya majoho hayo. Akafua, yakatua. Akafua tena.

Kamati ya kwaya ilikaa Jumamosi nzima kujadili janga hilo. Nilidhani watatuma wazee wakaongee na meneja wa kiwanda. Wapi! Waliamua majoho yawe ya kijivu. Meneja aliposikia alifurahi mno, akatoa kitambaa, nasi tukampigia makofi kanisani.

Kifua cha mama hakikuwa na rangi ya kubadilisha. Kwanza alipoteza sauti za juu, kisha akawa anakatishwa na kikohozi katikati ya ubeti, mwisho akahamia mstari wa nyuma. Siku moja nilimwangalia vizuri, nikaona anafungua mdomo tu, hatoi sauti. Niliwachukia wote siku hiyo: meneja, kamati, hata kuku.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," baba alimwambia jioni.

"Nimeinama, baba watoto," mama alijibu. "Sasa nitainuka lini?"

Baba akaomba chumvi.

Halafu Wazungu wakakataa samaki wetu. Walisema si salama, na kiwanda kikafungwa. Baba alirudi nyumbani na mabuti yake meupe ya kazini mkononi. Moshi ulikatika, anga likatakata, tukaona visiwa vya ziwani ambavyo mdogo wangu hakujua kama vipo. Alidhani vimeletwa.

Baada ya wiki kadhaa, mama akiwa anafua, nilisikia sauti nje. Alianza chini chini, kama anayejaribu maji kwa kidole, kisha akapanda, akapanda, akafika kule juu alikokuwa anafika zamani. Nilitoka mbio, nikamkuta ana povu hadi viwikoni, anaimba na kucheka. Nililia kwa furaha.

Tatizo ni kwamba sauti hailiwi. Uji ulikuwa mwepesi, bila sukari, na baba alishinda juu ya jiwe akilitazama bomba kama anayemngoja mgeni wa heshima. Mtaa mzima ulikuwa hivyo hivyo. Kanisa likatangaza ibada maalumu ya kuombea kiwanda kifunguliwe. Mchungaji mwenyewe alikuja kwetu.

"Mama, sauti imerudi," alisema. "Mungu ana makusudi yake. Utatuanzishia nyimbo."

Mama alimtazama baba. Baba alitazama sufuria.

Jumapili alivaa joho la kijivu, akasimama mbele. Aliimba namna ambayo sijawahi kusikia tena hadi leo. Watu walilia, wazee walipiga magoti, na amina ya baba ilizidi zote. Kwa kifua kisafi, mama yangu alimwomba Mungu aurudishe moshi.

Mungu naye ni msikivu. Haukupita muda mrefu, asubuhi moja baba akashuka kwenye jiwe akipiga mluzi, mabuti yameshavaliwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, anaangalia kule juu ya mabati.

"Anua nguo," aliniambia, kwa sauti ileile nzuri. "Halafu ufunge madirisha."