Azimio la Mzee Funguo

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Funguo amekuwa mlinzi, mfagiaji na mpanga viti wa ukumbi wa mtaa. Ukimuuliza wanasiasa ni watu gani, atakwambia kila mmoja ana namna yake ya kumtesa. Wa chama tawala wanavunja viti kwa kushangilia. Wa upinzani wanavirusha. Ila hawa wapya, waliojitenga na vyama vyote viwili mwezi uliopita eti wamechoshwa na makelele, hawavunji wala hawarushi. Hawaondoki!

Siku hiyo walikodi ukumbi kuzindua chama chao cha watu wa wastani, mwisho saa sita mchana. Saa nane ilikuwa zamu ya Mzee Funguo mwenyewe. Bintiye wa pekee alikuwa anaolewa, na ukumbi alipewa bure kwa utumishi wake. Saa nane ikafika, ikapita, waheshimiwa bado wamekaa. Wanajadili kaulimbiu.

"Mbele!" alipendekeza mmoja, wakili mstaafu.

"Tutawaudhi walio nyuma," akasema mwingine.

"Basi iwe 'Mbele kwa Kiasi'."

"Tuone," akasema mwenyekiti. Mzee Funguo alikwisha kumbatiza Mheshimiwa Tuone, maana tangu asubuhi hakuwa na neno jingine.

Unajua kwa nini hawakumaliza? Hawapigi kura, bwana. Kura, walisema, inawagawa watu, na wao ni waungwana. Kwa hiyo jambo linapita pale tu wote arobaini wanaposimama kwa pamoja. Na tangu saa mbili asubuhi hawajasimama hata mara moja. Watu wazima hao, na shahada zao, wanataka wapewe nchi!

Nje mlangoni, bi harusi amesimama juani, jasho linaharibu vipodozi. Wakwe, ambao tangu mwanzo waliona wanajishusha kuoa kwa mfagiaji, walikuwa wameanza kunong'onezana na kutazama magari yao. Mfungishaji ndoa naye alikuwa na harusi nyingine mbali. Ikigonga saa tisa anaondoka zake, alishasema.

"Mume wangu," mkewe alimwambia, "mwanangu ataaibika mbele ya wakwe, hivi hivi tunaona?"

Mzee Funguo akaingia, kofia mkononi. "Waheshimiwa, naomba ukumbi. Mwanangu anaolewa."

"Hongera sana, mzee wangu!" akasema Tuone. "Tunakuelewa kabisa. Nawe utuelewe. Labda mchukue nusu ya ukumbi, sisi tubaki na nusu. Au tuunde kamati ndogo ilitazame hilo."

"Kamati ya watu saba," akadakia wakili.

"Saba si wengi?" akauliza mwingine.

Lo! Mzee Funguo angeweza kuwatukana mmoja mmoja kwa zamu. Badala yake akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti.

"Basi na mimi naleta hoja. Anayemtakia mwanangu ndoa njema, asimame."

Wakatazamana. Nani abaki ameketi, aonekane anamchukia bi harusi? Na mpiga picha wa gazeti kashainua kamera! Wakili akasimama. Tuone akaangalia nani kasimama na nani bado, kisha naye akainuka. Wote arobaini wima, wakajipigia makofi, wengine machozi yanawalengalenga kwa furaha: azimio la kwanza la chama limepita bila kupingwa.

Mzee Funguo akafungua milango ya pembeni. Ndugu na jamaa wakamiminika kwa vigelegele, wakakalia kila kiti kilichokuwa wazi. Wakili alipogeuka akakuta shangazi wa bi harusi, mwanamke wa haja, amejaa kwenye kiti chake.

"Samahani mama, hapo nilikuwa nimekaa."

"Ulikuwa," shangazi akamjibu, akaweka mkoba mapajani.

Waheshimiwa wakabanana ukutani, wakijadiliana kwa minong'ono kama waondoke au wasubiri. Hakuna aliyewasikiliza. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Mfungishaji ndoa akamuuliza bi harusi kama amekubali. Binti akajibu "Ndiyo" mara moja, kwa sauti iliyofika mpaka kule ukutani. Mzee Funguo akalia waziwazi, hata leso hakuitafuta. Miaka yote ya mikutano ndani ya ukumbi ule, hajawahi kusikia mtu akijibu swali namna ile.