Maziwa ya Shikome

Mimi nina mdomo, na mdomo huo ndio uliomfanya shemeji anichague. Mke wa kaka yangu alipopimwa Bariadi na kukutwa na virusi, nesi alimwambia aje na mtu wa nyumbani, wa kumkumbusha kumeza dawa asubuhi na jioni, na wa kumsema akizembea. Aliyetakiwa ni mume. Kaka hakutaka hata kusikia. "Nipimwe nina nini? Hamuoni ninavyonenepa?" Basi shemeji akanifuata shambani nikipalilia pamba, akasema, "Wewe unayesema watu bure, njoo unisemee mimi kwa faida."

Ilikuwa miaka ile pamba imeachiwa wanunuzi binafsi, na kaka alikuwa wakala wa mmoja wao. Msimu ukifunguliwa alikuwa na mzani, pikipiki na fedha ya tajiri mfukoni. Alilala gesti za Nyashimo na Kiloleli, akarudi na kanga mpya ya mkewe na harufu ya sabuni isiyo ya kwetu. Kijijini tulimwonea wivu, na wengine tulimwomba lifti.

Kila mwezi nilimbeba shemeji kwa baiskeli kwenda kuchukua dawa. Njiani tulitaniana. Yeye aliniita mume mdogo, mimi nikamwamuru ashuke kwenye mlima eti kanenepa. Uongo mtupu. Alikuwa anakwisha, na ndicho kilichonitia hofu. Kopo la dawa liliisha inavyotakiwa, nesi akimsifu, lakini mabega yalizidi kuchongoka ndani ya gauni. Nikamfokea, "Unameza kweli wewe?"

"Asubuhi si unaniona?"

Kweli, asubuhi nilimwona. Jioni wanaume tulikuwa shikome. Kwetu Wasukuma huo ni moto wa wanaume, pale uwanjani. Mwanamke analeta chakula, anapiga goti, anaondoka. Mwaka ule shemeji alianza kuleta na kibuyu kidogo cha maziwa ya mgando, anamkabidhi kaka mkononi. Maziwa yalikuwa machungu. Jioni moja nikapaza sauti kuelekea jikoni, "Shemeji! Hao ng'ombe umewalisha mwarobaini?" Wanaume wakacheka, mzee wetu akacheka mpaka akapaliwa. Kicheko kile bado kinanijia nikiwa peke yangu shambani, na nikikisikia nasimamisha jembe.

Halafu siku moja nesi aliangalia majibu ya damu akakunja uso. Kinga zilikuwa zimeshuka badala ya kupanda. Alimbana shemeji kwa maswali, shemeji akaapa kwamba dawa haitupi. Wakati wa kurudi tulikuwa tunasukuma baiskeli kwenye mchanga wa mto mkavu, akasimama ghafla.

"Kaka yako anakohoa," akasema. "Anaficha, lakini mimi ndiye ninayelala naye. Kupimwa hataki. Ulitaka nimwangalie tu? Kidonge cha jioni nakisaga, namtilia kwenye maziwa."

Mungu wangu! Kaka hakuwa akinywa kibuyu kile peke yake. Kwetu mtu hanywi maziwa mbele ya baba yake. Akipewa, anampa mzee kwanza, kibuyu kinazunguka, kila mtu anapata funda lake. Shemeji alikuwa mtu wa Nassa, kwao ziwani ni samaki, si maziwa, na miaka yote aliyokaa kwetu akishakabidhi kibuyu aligeuka akaenda zake, kama heshima inavyotaka. Hakuwahi kuona kinavyonywewa. Nikamweleza yote hayo, pale pale mchangani. Dawa yake tulikuwa tunainywa sisi, mimi mwenyewe na mzee na kila mgeni aliyepita.

Akakaa chini. Nilijua atalia kwa ajili ya vidonge vyake.

"Funda moja tu?" akauliza. "Kumbe yeye hajapata kitu?"

Jioni hiyo hiyo nilimwambia kaka, mbele ya mzee, na sikupunguza sauti. Alisimama, nikajiandaa kupigwa. Hakunipiga. Alikwenda zizini akakaa huko na ng'ombe. Kulipokucha akawasha pikipiki, akaenda kupima pamba za watu. Nilimchukia siku ile. Nilitamani pikipiki imtupe mtoni.

Shemeji akarudi kumeza vidonge vyote. Daktari alisema virusi vimeshaizoea dawa, kwa sababu ya ile nusu nusu, na dawa ya kubadilisha haikuwepo Bariadi, labda Mwanza. Tulikuwa bado tunahangaikia safari ya Mwanza mvua za kupandia zilipoanza. Alikufa mchana, watu wako mashambani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Mkono wenyewe haukuwa na uzito wowote.

Matanga yalipoisha, vichwa vyetu bado vimenyolewa, kaka alikuja mlangoni kwangu asubuhi. "Mwangaluka," akanisalimia, kama mtu wa mji mwingine. Kisha akasema, "Nipeleke."

Pikipiki aliiacha. Alipanda nyuma ya baiskeli yangu, akakaa pale alipokuwa akikaa mkewe. Njia nzima nilikuwa na hakika tuko watatu, nikaogopa kugeuka.

Alikutwa na virusi. Nesi wa siku hiyo alikuwa mgeni, hakutujua. Alimweleza kaka jinsi ya kumeza, asiruke, asigawane na mtu. Kisha akamuuliza nani wa nyumbani atakayemkumbusha. Nilitaka kujitaja. Kaka akaniwahi, akataja jina la mkewe.

"Vizuri sana," nesi akasema. "Safari ijayo uje naye."

"Nitakuja naye," kaka akasema.