Viatu Namba Hamsini

Mchezaji wetu wa kikapu, yule anayelipwa na klabu ya ng'ambo, akija likizo Mbinga huinama kwenye kila mlango, hata ule mkubwa wa kanisa. Viganja vyake hubeba debe la kahawa kama bakuli la uji, na akiwa na wasiwasi huvificha kwapani. Jumapili hii, mnada wa matoleo ya kuezeka kanisa ulipoanza uwanjani baada ya misa, nilimwona amevificha tangu mwanzo. Kati ya kuku na mikungu ya ndizi palikuwa na viatu alivyotoa mwenyewe, namba hamsini, alivyovaa siku aliposaini mkataba wake wa kwanza. Bibi Benadetha alivitaka ili kuku wake watagie humo. Alipofika elfu ishirini, watu wakapiga vigelegele, na hapo mkono mrefu ukachomoka kwapani, ukapita juu ya vichwa vyetu vyote.

"Natoa mshahara wangu wa wiki," alisema.

Uwanja mzima ulilipuka. Katekista alimkabidhi viatu vyake, akasubiri kelele zipungue.

"Asante sana, mwanangu. Jumapili ijayo vilete tena, paa limebaki upande mmoja."