Mfupa wa Jirani

Nilimwona jirani kwa macho yangu. Alirusha mfupa juu ya ua wa katani, mbwa wetu akaukimbilia, akaunusa, kisha miguu ikamlegea akaanguka ubavu, macho wazi.

Baba hakushangaa. Kwetu Tarime mwizi wa ng'ombe huanza kwa kumpa mbwa sumu, na mbwa wetu alikuwa akisinzia mchana kwa wiki kadhaa.

"Kesho kwenye iritongo nitamtaja," alisema. Hicho ni kikao cha wazee wetu. Ukishatajwa pale kwa wizi wa ng'ombe, hata binti zako hawaposwi. "Na wewe ndiye shahidi."

Lakini kitu kimoja kilinikera. Nilipomfikia mbwa, alikuwa ameshasimama, anatafuna mfupa uleule. Sumu gani hiyo ya dakika moja? Chuoni tulifundishwa kwamba ubongo hutoa peptidi, vipande vifupi vya protini, na kimoja kiitwacho oreksini humweka mnyama macho. Kikikosekana, usingizi humvamia mchana, na furaha tu inaweza kumwangusha. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama, bila kuyaamini sana. Oreksini sikuwahi kuiona. Wala sumu ya jirani.

Nikachukua nyama kwenye sufuria yetu, mbele ya baba. Mbwa akatikisa mkia, akaanguka.

"Umemwekea nini?" baba aliuliza.

"Si umeniona, baba?"

"Na jirani si ulimwona?"

Nikamwomba ampe mwenyewe. Alichagua kipande, akakigeuza, akakinusa, akakionja. Kisha akaita. Mbwa yule alimpenda baba kuliko sisi wote. Alianguka kabla ya kumfikia. Baba akabaki na nyama, akiukagua mkono wake.

"Kumbe mwizi wa ng'ombe zako ni wewe," mama alisema kutoka jikoni, akicheka.

Nikaanza kumweleza baba habari za oreksini.

"Uliiona?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Kwenye iritongo hakumtaja mtu. Jirani alipompa mkono aliupokea, ila macho ya baba yalikuwa kwenye mfuko wa koti la jirani. Mimi niliona aibu kwa ushahidi ambao nusura niutoe.

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu jirani.

"Marahaba, mwanangu. Mbwa wenu hajambo?"

Nikamjibu hajambo. Njia nzima nikawa najiuliza kwa nini ameuliza, kwa wema au kwa sababu ya ule mfupa.