Kikohozi cha Baba Mkwe Kwenye Ukungu

Nimeandika haya mara tatu na kufuta, maana niliishia darasa la saba na huenda jambo lenyewe silielewi. Lakini hasira bado ninayo, basi niandike.

Binti yangu yuko kidato cha tano, anasoma fasihi ya Kiingereza. Mwalimu aliwafundisha jinsi asubuhi inavyokuja katika mashairi na tamthilia za zamani za Uingereza: jua la dhahabu, ndege anaimba juu angani, umande kama lulu, na jukwaani kukipambazuka yote yaliyofichika usiku yanaonekana. Akawaambia kila mmoja atunge onyesho fupi la asubuhi. Litakalopendeza zaidi litachezwa siku ya wazazi.

Binti akaniuliza, "Mama, asubuhi zako za zamani zilikuwaje?"

Nikamsimulia za kijijini Mpuguso, nilipokuwa nimeolewa karibuni. Kwetu mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, anaacha njia, anaingia migombani mpaka mzee apite. Sasa asubuhi za huku ni ukungu. Mtu humwoni mpaka mgongane. Mimi natoka kwenda kuchuma chai, nailoni ya kuzuia umande kiunoni, na mzee anakwenda kwa ng'ombe wake. Basi alikuwa anakohoa. Kila hatua chache, ko-ho! Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alikohoa ili nijue alipo, nikae pembeni. Hatukuwahi kusalimiana, ila kikohozi kile kwangu kilikuwa salamu. Sisemi mila ile ni nzuri. Nimelowa sana migombani kwa ajili yake.

Binti akaandika hivyo hivyo. Daftari likarudi limekatwa kwa wino mwekundu toka juu mpaka chini, na chini maneno ya mwalimu, binti akanitafsiria: asubuhi haifichi watu, asubuhi hufichua. Andika upya.

Nikaenda shuleni na matope yangu.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai, mwalimu. Leo asubuhi umeliona jua?"

Akacheka. "Hapa Rungwe? Tangu nihamie, kabla ya saa nne sijaliona."

"Mtoto wangu yeye alione wapi?"

Akaweka kalamu chini. "Mama, mtihani hausahihishwi Tukuyu. Huko msahihishaji anatafuta nuru. Nikimwachia binti ukungu wake, nitakuwa nimemwonea."

Nimpe haki yake. Ni kijana wa Dodoma, kwao jua linawahi, na vitabu vingine vya darasa kanunua mwenyewe. Tena nasikia Uingereza nako kuna ukungu na mvua, labda walilisifu jua kwa kulikosa. Hapo nawaelewa. Lakini wao waliandika hamu yao wenyewe. Mtoto wangu aandike hamu ya nani?

Nyumbani binti akanipokea na uso umevimba. "Mama, umeniaibisha bure. Nilishaandika upya jana."

Siku ya wazazi likachezwa la kwake. Jua la karatasi ya njano ukutani, ndege, lulu, vyote. Mke kijana akaingia na kikapu kwenye mwanga mweupe. Upande wa pili akatokea mzee, wanaonana kabisa, na mzee akakohoa. Ko-ho! Mke akakimbilia nyuma ya mgomba.

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Mpelekeni hospitali Igogwe babu!" mmoja akapiga kelele. "Mpeni tangawizi!"

Kwenye benchi letu mama mmoja wa Ikuti hakucheka. Kikohozi kilipolia aliinamisha uso na kuvuta miguu yake pembeni, kama aliyekuwa njiani.

Mwalimu akasimama kumpongeza binti kwa nuru yake. Tukitoka nilimwuliza binti kama kikohozi alisahau kukifuta.

"Nilikiacha makusudi, mama. Mwalimu hakuuliza ni cha nini."

Nikamshika mkono. Lakini njia nzima nilikuwa nakisikia kicheko kile. Mzee yule amekoholea juani, watoto wakamcheka kama mgonjwa, na ile ilikuwa heshima yake kwangu.