Bonti Phukan na Maua ya Bwana Mkubwa

Wako watu wanaopigana kwa mapanga na wako wanaopigana kwa mdomo. Bonti Phukan alipigana kwa kupanga barua pepe, na mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, maana baadaye mtaona haya.

Alikuwa karani wa ofisi ndogo ya kupima mto Subansiri, kule jimbo la Assam. Mwanamke mfupi, shavu limetuna kwa tambuu kutwa nzima. Kikasha cha barua pepe cha ofisi alikitunza kama wengine wanavyotunza kabati la sahani za wageni. Kila Ijumaa, baada ya chai nyekundu, barua zilizokwisha kazi alizihamishia kwenye folda zake: Mvua, Mitumbwi, Malalamiko, Malalamiko ya Wale Wale.

Folda iliyojaa kuliko zote iliitwa Moniram.

Moniram Pegu alikuwa kibarua wa kusoma kipimio cha mto. Kwa miaka kumi na moja, kila alfajiri, alituma mstari mmoja kwa simu yake: maji yamefika hapa, nimesoma mimi. Karatasi za mahudhurio zilikwenda na mafuriko, kwa hiyo ushahidi pekee kwamba Moniram aliwahi kufanya kazi hata siku moja ulikuwa mle. Na Jumatatu tume ilikuwa inakuja kutoka jiji la Guwahati, kuamua kibarua yupi aajiriwe rasmi na yupi arudi kwao.

Alhamisi kikasha kikajaa. Barua ya tume ikagoma kuingia. Mkuu wa ofisi, Injinia Barkakati, akatoka chumbani mwake akihema.

"Dada Bonti, futa kila kitu kilichozidi mwaka mmoja. Leo hii!"

"Bwana, humo yumo Moniram."

"Moniram ni kibarua, si hazina ya taifa. Futa!"

"Sifuti."

Makarani wengine wakainamia meza zao kama waliodondosha pete.

"Umesemaje?"

"Sifuti, bwana. Au nirudie kwa sauti, na wa nje wasikie?"

"Nitakuhamishia Dhubri, mwisho wa jimbo!"

"Dhubri kuna samaki watamu. Nipe mpaka jioni, nafasi nitaipata."

Bonti akazipanga barua kwa uzito, nzito zije juu. Zikaja. Juu kabisa, kasuku ameshika waridi. Waridi. Waridi jingine. Waridi tena. Kila asubuhi Injinia aliitumia ofisi nzima picha ya ua, imeandikwa Asubuhi Njema, na kwa kuwa hakuna mtumishi mwenye akili zake anayeacha salamu ya mkuu bila jibu, kila mmoja alimjibu kwa ua kubwa kuliko lake. Watu kumi na tisa, kila siku ya Mungu. Pigeni hesabu wenyewe, mimi shule niliiachia njiani. Barua elfu nne za Moniram, zote pamoja, hazikufikia uzito wa maua ya wiki moja.

Bonti akayafuta maua. Yote.

Jumatatu mwenyekiti wa tume, mama mmoja mwenye miwani mizito, alifunguliwa folda ya Moniram. Akasoma, akasoma, akafika kwenye siku ya mafuriko makubwa: "Kipimio kimezama. Niko juu ya paa na mbuzi wawili. Nimepima kwa mwanzi, maji yako pingili ya nne. Nimesoma mimi."

Mama akavua miwani. "Huyu mtu yuko wapi?"

"Mtoni, mama. Yuko kazini."

Jina la Moniram likaandikwa la kwanza kwenye orodha ya kuajiriwa.

Tume ilipoondoka, Injinia akaja mezani kwa Bonti, uso mwekundu.

"Maua yangu yako wapi?"

"Si ulisema nifute, bwana?"

"Hata yule kasuku?"

"Kasuku ndiye aliyekuwa mzito kuliko wote!"

Ijumaa barua ya uhamisho ikaingia kikashani: Dhubri, mara moja. Bonti akaisoma mara mbili, akatema tambuu dirishani, akafungua folda mpya akaipa jina Maua. Akaitupia humo, ingoje zamu yake ya kufutwa. Kisha akavuta kiti chake kilekile, maana barua ya Moniram ya asubuhi ile ilikuwa bado haijapangwa.